GB 46 wazi, pungufu ya MB 19: uchambuzi wa kisa cha kupandisha toleo la seva

Taasisi, watu na majina ya seva yameondolewa. Ukubwa wa diski na mafaili umewekwa katika namba nzima ili hesabu iwe rahisi kufuatwa, lakini mpangilio wa matukio ni ule ule. Niliitwa baada ya kazi kuisha, nikapewa rekodi ya temino, ujumbe wa kundi la timu na picha za grafu za diski. Ninaloandika hapa limetoka humo.

## Seva yenyewe

Ni mashine pepe yenye RAM ya GB 8 na diski moja ya GB 120. Inabeba programu ya wavuti pamoja na hifadhidata yake ya PostgreSQL. Ilisimikwa mwaka 2019 ikiwa na mfumo endeshi wa Linux uitwao Debian, toleo la 10, ikapandishwa hadi 11, kisha hadi 12, hatua kwa hatua, kwa sababu Debian haikubali mtu aruke toleo. Mara zote mbili kazi ilikwenda vizuri. Hilo lilichangia sana yaliyofuata, maana mpango wa safari ya tatu, kutoka 12 kwenda 13, ulinakiliwa kutoka ule wa safari ya pili na kubadilishwa tarehe.

Aliyeisimika mwaka ule alikubali mgawanyo wa diski uliopendekezwa na programu ya usimikaji, kisha akaurekebisha kidogo. Ulikuwa hivi:

/boot – MB 236, patisheni ya kawaida ya mafaili ya kuwashia mfumo, mwanzoni mwa diski, nje ya LVM (njia ya Linux ya kugawa diski kwa vipande vinavyoweza kubadilishwa ukubwa baadaye)
/ (mzizi) – GB 20, zimetumika 13
/var – GB 64, zimetumika 49
/home – GB 32, zimetumika 2

Zilizobaki zilikwenda kwenye swapu. Kundi la LVM halikuwa na hata gigabaiti moja isiyogawiwa.

Ndani ya /var, hifadhidata ilichukua GB 31. Nakala za kila usiku za hifadhidata hiyo hiyo zilichukua 9, logi 5, vifurushi vya zamani kwenye kache ya apt (zana ya Debian ya kushusha na kusimika programu) 2, na mengineyo 2.

## Mpango ulivyoandikwa

Kipengele cha diski katika mpango kilikuwa sentensi mbili. Ya kwanza: seva ina GB 46 wazi. Ya pili: kupandisha toleo kunahitaji takriban GB 5, kwa hiyo nafasi inatosha mara tisa.

Namba hiyo ya 46 si ya kubuni. Ukijumlisha safu ya nafasi iliyobaki katika jibu la `df -h` unaipata: 6 kwenye /, karibu 12 kwenye /var, 28 kwenye /home. Lakini zaidi ya nusu yake ilikuwa /home, mahali ambapo hakuna kifurushi chochote cha mfumo kinachoandika. Na /boot haikutajwa kabisa, pengine kwa sababu katika jumla ya gigabaiti, megabaiti 236 hazionekani.

Mambo mengine ya mpango yalikuwa mazuri. Muda wa kazi uliombwa mapema, kuanzia saa 2 usiku hadi saa 6 usiku. Snapshoti ya mashine pepe, yaani picha ya hali yake yote ya wakati huo, ingechukuliwa kabla ya amri ya kwanza. Kazi yote ingefanyika ndani ya tmux ili mtandao ukikatika amri isife katikati, na temino ingerekodiwa kwa `script`. Watu wawili wangekuwepo: msimamizi wa seva na mtaalamu wa hifadhidata.

## Usiku wa kazi

Saa 2 snapshoti ilichukuliwa. Mtaalamu wa hifadhidata akatoa nakala mpya kamili, GB 3 baada ya kubanwa, akaihifadhi ndani ya /var hiyo hiyo, pembeni ya zile za zamani. Msimamizi akabadilisha orodha ya hazina za vifurushi, akaendesha `apt update`, kisha `apt upgrade --without-new-pkgs`, halafu `apt full-upgrade`. Vifurushi vya GB 1.4 vikashuka kwenye /var/cache/apt/archives. Apt ikaonyesha nafasi ya ziada itakayotumika, akajibu ndiyo, na kwa karibu saa nzima kila kitu kikaenda kama safari ya pili, mwaka 2023.

Kisha ikafika zamu ya kerneli mpya, kiini cha mfumo endeshi, toleo la 6.12. Kifurushi kilifunguliwa, faili la kerneli lenyewe, MB 12, likakaa kwenye /boot. Hatua inayofuata ni kutengeneza faili la initrd, yaani ule mfumo mdogo wa mafaili ambao kerneli huutumia mwanzoni kabisa ili iweze kuifikia diski halisi. Hapo ukatoka ujumbe kwamba hakuna nafasi iliyobaki kwenye kifaa. Dpkg, zana iliyo chini ya apt inayosimika vifurushi vyenyewe, ikaacha kifurushi cha kerneli katika hali ya nusu usanidi, ikaendelea na vingine ilivyoweza, na mwishoni ikaorodhesha makosa.

Hesabu ya /boot ilikuwa hivi. Kulikuwa na kerneli tatu za zamani, kila moja MB 55 pamoja na initrd yake, na mafaili ya GRUB, programu inayoianzisha kerneli seva inapowaka, MB 8. Jumla 173 kati ya 236, zikabaki 63. Kerneli mpya ikachukua 12, zikabaki 51. Initrd mpya ilihitaji 70. Zilipungua 19.

Msimamizi aliandika kwenye kundi kwamba atawasha seva upya aone itakavyokuwa. Jibu la mwenzake lilikuja ndani ya dakika moja: "Kaka, subiri kwanza. Usiwashe upya hadi tuone kilichomo ndani ya /boot."

Wakaangalia. `ls -lh /boot` ilionyesha kerneli ya 6.12 ipo na initrd yake haipo. Kerneli ya namna hiyo kwenye seva ambayo mzizi wake uko ndani ya LVM haiwezi kuwaka: LVM huamshwa na zana zilizomo kwenye initrd, na bila hizo kerneli haioni mzizi wowote wa kupachika. GRUB nayo huchagua kerneli mpya zaidi kama chaguo la kwanza. Kama orodha yake ilikuwa imeshasasishwa, seva ingesimama kwenye skrini nyeusi yenye ujumbe wa kerneli kushindwa. Wangeweza kurudi kwa kuchagua kerneli ya zamani kwenye menyu ya GRUB, lakini hilo lingehitaji konsoli ya mashine pepe, na usiku ule hakuna kati yao aliyekuwa na ruhusa ya konsoli.

### Kusafisha /boot

Njia ya haraka ingekuwa kufuta mafaili ya zamani kwa `rm`. Waliikataa, na walikuwa sahihi: ukifuta kwa mkono, dpkg inabaki ikiamini kerneli ile ipo, na siku kichochezi fulani kikiamuru initrd ya kerneli hiyo itengenezwe upya, faili linarudi. Apt nayo haikukubali kuondoa chochote kwa sababu kulikuwa na vifurushi vilivyokwama. Wakashuka hatua moja chini: `uname -r` kwanza, kujua kerneli inayotumika sasa hivi, kisha `dpkg --purge` kwa kifurushi cha kerneli kongwe zaidi ambayo haitumiki.

MB 55 zikarudi. Nafasi ikawa 106, initrd mpya ya 70 ikatengenezwa, zikabaki 36. Wakaendesha `dpkg --configure -a`, ikaenda vizuri hadi karibu na mwisho, ikakwama tena mahali pale pale.

Hili ndilo tukio ninalolipenda zaidi katika kisa chote, maana linaeleza tatizo zima. Initrd ilikuwa tayari imeshatengenezwa na imeshatosha. Kwa nini nafasi ikose tena? Kwa sababu vifurushi kadhaa, lvm2 na udev vikiwemo, huamsha kichochezi cha kutengeneza initrd upya vinapomaliza kusanidiwa. Na `update-initramfs` haiandiki juu ya faili lililopo. Huandika jipya pembeni, lenye `.new` mwishoni mwa jina, na likikamilika ndipo hulibadilisha jina lichukue nafasi ya lile la kwanza. Ni tahadhari nzuri, kwani umeme ukikatika katikati faili zima bado lipo. Lakini maana yake ni kwamba kwa dakika moja au mbili initrd mbili za MB 70 lazima ziishi pamoja, na nafasi ilikuwa 36.

Mapendekezo yalikuwa mawili. Moja, kuweka `MODULES=dep` kwenye usanidi wa initramfs-tools, ili initrd ibebe tu viendeshi vya mashine hii badala ya karibu vyote, na hivyo ipungue sana. Pili, kuondoa kerneli nyingine ya zamani na kubaki na ile inayotumika pamoja na mpya. Walichagua la pili. Sababu yao iliyoandikwa kwenye kundi ni kwamba hawakutaka kubadilisha usanidi mwingine katikati ya tatizo, na kwamba initrd iliyokatwa kwa kipimo cha mashine moja inaweza kukataa kuwaka siku nakala ya seva ikirejeshwa kwenye mazingira mengine. Ninakubaliana nao.

Baada ya hapo `dpkg --configure -a` ilimaliza, `apt --fix-broken install` haikuwa na la kufanya, na `apt full-upgrade` ikakamilisha vilivyobaki. Kabla ya kuwasha upya walifanya jambo moja dogo lililostahili dakika zake: `lsinitramfs` kwenye faili jipya, wakatafuta dm-mod na zana za lvm humo ndani, wakazikuta. Seva ikawaka na kerneli 6.12. Ilikuwa saa 5 kasoro robo.

### Hifadhidata

Debian 12 inakuja na PostgreSQL 15, Debian 13 inakuja na 17. Kupandisha mfumo endeshi hakuhamishi data. Toleo jipya husimikwa pembeni ya la zamani, na klasta ya 15 (yaani hifadhidata zinazoendeshwa na toleo hilo) huendelea kufanya kazi hadi mtu aihamishe kwa `pg_upgradecluster`. Mtaalamu alifuta klasta tupu ya 17 iliyojitengeneza yenyewe, akaanza uhamishaji kwa njia ya kawaida, ambayo husoma data yote kutoka klasta ya zamani na kuimimina kwenye mpya.

Nafasi ya /var wakati huo: GB 64, kutoa 49 za mwanzo, kutoa 3 za nakala mpya, kutoa 1.4 za vifurushi vilivyoshuka. Zinabaki karibu 10.6. Lakini ext4, mfumo wa mafaili uliotumika hapa, kwa kawaida hutenga asilimia 5 kwa ajili ya root, mtumiaji mkuu, peke yake, na PostgreSQL haiendeshwi na root. Ondoa 3.2 nyingine. Iliyobaki kwa kazi ya kunakili hifadhidata ya GB 31 ilikuwa GB 7 na kitu.

Ilishindwa baada ya karibu nusu saa. Kwa kuwa njia hiyo husoma tu klasta ya zamani, data haikuguswa. Waliondoa klasta mpya iliyokuwa nusu, wakawasha ya zamani kwenye poti yake. Lakini /var ilipojaa, logi za programu ya wavuti nazo zilikuwa zimekwama.

Katika kutafuta nafasi, msimamizi alifuta faili moja la logi la GB 3 kwa `rm`. `df` haikubadilika. Alirudia amri, akaona ni ile ile, akadhani mfumo wa mafaili umeharibika. Ilichukua muda kukumbuka `lsof +L1`, ambayo ilionyesha programu ya wavuti bado imelishikilia faili lile wazi. Faili lililofutwa hupotea jina tu. Nafasi yake hairudi hadi mchakato wa mwisho unaolishikilia uliachie. Programu ikawashwa upya, GB 3 zikarudi.

### Mahali pa kusimama

Saa 6 usiku ikafika. Walikuwa na njia tatu mbele yao.

Ya kwanza ilikuwa kutumia `--link`, ambapo PostgreSQL hutengeneza viungo vigumu, yaani majina mapya ya mafaili yale yale, badala ya kunakili. Haihitaji karibu nafasi yoyote na huisha kwa dakika chache. Bei yake ni kwamba klasta mpya ikishawashwa, ya zamani haifai tena kurudiwa. Ya pili ilikuwa kuhamisha nakala za zamani nje ya seva, kufuta kache ya apt, na kujaribu tena kwa matumaini kwamba hifadhidata mpya itakuwa ndogo kuliko ya zamani. Ya tatu ilikuwa kuacha PostgreSQL 15 iendelee na kuhamisha wiki inayofuata.

Walichagua ya tatu. Klasta ya 15 ilikuwa inafanya kazi juu ya Debian 13, programu ilikuwa imeunganishwa nayo, na watumiaji wangerudi asubuhi. Kulikuwa na jambo moja la lazima: glibc, maktaba ya msingi ya mfumo ambayo PostgreSQL huitegemea kupanga maandishi, imetoka 2.36 kwenda 2.41, na mpangilio wa herufi unapobadilika, indeksi za maandishi zilizojengwa kwa mpangilio wa zamani zinaweza kutoa majibu yasiyo sahihi. PostgreSQL yenyewe ilikuwa inatoa onyo kuhusu toleo la mpangilio huo. Mtaalamu akaendesha REINDEX kwa indeksi za maandishi, kubwa kuliko zote ikiwa GB 2, na akaangalia nafasi kabla ya kila moja, kwa sababu REINDEX nayo hujenga indeksi mpya kabla ya kuiacha ya zamani. Walimaliza saa 8 usiku, saa 2 nje ya muda walioomba.

## Asubuhi yake

Kazi ya usiku ya kutengeneza ripoti ilikuwa imeshindwa, kwa kukosa nafasi, ingawa `df` ya / ilionyesha zaidi ya GB 5 wazi.

Debian 13 imebadilisha /tmp. Kama hukuwa umeipa patisheni yake, baada ya kuwasha upya inakuwa tmpfs, yaani inaishi kwenye kumbukumbu ya RAM, na ukomo wake ni nusu ya RAM. Hapa ni GB 4. Skripti ya ripoti ilikuwa imezoea kuandika faili la muda la karibu GB 5 humo. Suluhisho lilikuwa mstari mmoja, kuielekeza skripti kwenye /var/tmp kwa kigezo cha TMPDIR. Mabadiliko ya /tmp yameelezwa wazi katika maelezo ya toleo la Debian 13, sawa na suala la /boot: maelezo hayo yanaonya kwamba seva zilizosimikwa kwa Debian 10 au kabla yake huenda zikakwama, na yanashauri /boot iwe na angalau MB 768, karibu 300 zikiwa wazi. Seva hii ilikuwa na 236 kwa jumla.

## Kumaliza kazi

Wiki iliyofuata waliongeza diski pepe ya GB 40, `pvcreate`, `vgextend`, kisha `lvextend -r` kwa /var, yote seva ikiwa inafanya kazi. Njia mbadala ilikuwa kupunguza /home, ambayo ilikuwa karibu tupu. Ext4 hukubali kupunguzwa ikiwa haijapachikwa, kwa hiyo iliwezekana, ila kupunguza mfumo wa mafaili ni kazi ambayo kosa lake hupoteza data, wakati kuongeza diski kosa lake ni kuanza upya. Kwa taarifa, kama /home ingekuwa XFS mjadala huo usingekuwepo, kwani XFS hukua tu.

Kabla ya kuongeza diski waliuliza timu ya jukwaa la mashine pepe nafasi halisi iliyobaki kwenye hifadhi ya pamoja. Swali hilo lilifichua jambo jingine: snapshoti ya usiku wa kazi bado ilikuwepo, na ilikuwa imekua siku hadi siku, kwa sababu kila bloku inayobadilishwa ndani ya seva huhifadhiwa mara mbili upande wa jukwaa. Hifadhi hiyo ilikuwa imegawiwa zaidi ya uwezo wake, kwa kutegemea kwamba si kila seva itajaza diski yake. Kumimina GB 31 ndani ya seva yenye snapshoti kungekula nafasi ya seva za watu wengine kabisa. Snapshoti ya zamani ikaondolewa kwanza, nakala kamili ikatolewa na kupelekwa nje ya seva, ndipo diski ikaongezwa.

Uhamishaji ulikwenda kwa njia ya kawaida, si kwa viungo. Klasta mpya ilitoka na GB 26. Ya zamani ilibaki hadi watumiaji walipothibitisha kazi zao, kisha ikaondolewa.

Hakuna data iliyopotea. Huduma ilisimama saa 2 zaidi ya ilivyotangazwa, ripoti ya usiku mmoja ilichelewa, na kazi ya usiku mmoja ikawa ya siku mbili tofauti.

## Uchambuzi

Kosa la mpango halikuwa uvivu. Mtu alipima, akapata namba ya kweli, akailinganisha na mahitaji. Tatizo ni kwamba alipima nafasi ya mwisho, na kupandisha toleo hakushindwi kwa sababu ya nafasi ya mwisho. Hushindwa kwenye kilele, ile dakika ambayo mpangaji mpya ameshaingia na wa zamani hajatoka. Angalia sehemu tatu zilizohitaji nafasi mara mbili usiku ule: initrd mpya na ya zamani, klasta ya 17 na ya 15, indeksi mpya na ya zamani. Dpkg nayo hufanya vivyo hivyo kwa kila faili. Huandika lenye `.dpkg-new` kwanza, ndipo hubadilisha jina. Snapshoti ni jambo lile lile upande wa jukwaa. Zana zilizoandikwa kwa uangalifu hazifuti cha kwanza hadi cha pili kikamilike, na usalama huo hulipiwa kwa nafasi.

Makadirio ya apt hayawezi kukupa kilele hicho. Apt ya Debian 12 hulinganisha ukubwa wa vifurushi vinavyoshushwa na nafasi ya saraka ya kushushia. Ile namba ya nafasi ya ziada ni tofauti ya ukubwa wa vifurushi, vya zamani na vipya, bila kujali viko patisheni gani. Initrd haimo kwenye namba hiyo, maana si faili la kifurushi bali hutengenezwa papo hapo. Hifadhidata pia haimo.

Nafasi ya "jumla" kwenye seva yenye patisheni kadhaa haina maana yoyote ya kiutendaji. GB 28 za /home hazikuweza kuikopesha /boot hata megabaiti moja. Hapa ndipo ninapotofautiana kidogo na wanaopenda kugawa diski vipande vingi siku ya kwanza. Kutenga /var na mzizi kuna sababu, logi zisizodhibitiwa zisiangushe mfumo mzima. Lakini kugawa LVM yote hadi tone la mwisho ni kupoteza faida yenyewe ya LVM. Kama GB 25 za /home zingeachwa bila kugawiwa, /var ingeongezwa usiku ule ule kwa amri moja. Ni rahisi kukuza. Kupunguza ni shughuli.

Kerneli tatu za zamani zilikuwepo kwa sababu masasisho yalikuwa yanaingia yenyewe na `apt autoremove` haikuendeshwa na mtu. Kungekuwa na moja tu pamoja na inayotumika, awamu ya kwanza ingepita. Ya pili je? Nafasi ingekuwa 36 wakati kichochezi kinahitaji 70, ingekwama vilevile. Kwa hiyo usafi pekee usingetosha kwenye patisheni ya MB 236, na hili nalisema kwa sababu ripoti ya kwanza ya ndani iliandika kwamba chanzo ni kutosafisha.

Kuhifadhi nakala mpya ndani ya /var kulikuwa na kasoro mbili kwa wakati mmoja: ilikula GB 3 mahali penye uhaba, na ilikaa kwenye diski ile ile iliyokuwa inafanyiwa kazi. Nakala ilipaswa kutoka nje ya seva moja kwa moja, bila kutua humo.

Kilichofanya kazi vizuri ni maamuzi ya papo kwa papo. Kutowasha upya kabla ya kuangalia /boot kuliokoa saa kadhaa. Kukataa `--link` saa 6 usiku, watu wakiwa wamechoka, kulikuwa sahihi zaidi ya wanavyojipa sifa: mbali na kupoteza njia ya kurudi, kungebeba indeksi za zamani na tatizo la glibc pamoja nazo, wakati kumimina upya hujenga indeksi zote kuanzia sifuri. Na wazo la kutafuta kituo salama cha kusimama katikati, Debian 13 na PostgreSQL 15, linapaswa kuandikwa kwenye mpango tangu mwanzo badala ya kugunduliwa muda ukiwa umeisha.

## Hesabu mpya

Timu sasa huandika ukurasa mmoja kwa kila seva, mstari mmoja kwa kila mfumo wa mafaili, na kila mstari unajibu maswali yale yale: kiasi gani kiko wazi kwa mtumiaji atakayeandika, si kwa root; nini kitaongezeka na kubaki; nini kitaishi kwa muda pembeni ya cha zamani; na nafasi hiyo ikikosekana, itaongezwa vipi na kwa muda gani. Kwa /boot kanuni yao ni kerneli inayotumika, pamoja na kerneli mpya, pamoja na initrd mbili za kerneli mpya kwa wakati mmoja. Kwa hifadhidata wanahesabu ukubwa kamili wa sasa, bila kupunguza kwa matumaini, pamoja na GB 1 au zaidi ya WAL, ile logi ambamo PostgreSQL huandika mabadiliko kwanza, kwani `max_wal_size` ya kawaida ni GB 1 na wakati wa kumimina data inaweza kupitiliza. Wanaangalia `df -i` pia, kwa sababu saraka yenye mamilioni ya mafaili madogo inaweza kumaliza inodi, yaani idadi ya mafaili inayoruhusiwa, huku gigabaiti zikiwa tele. Na kuna mstari wa mwisho kwa ajili ya hifadhi ya jukwaa, unaojazwa na timu ya jukwaa.

Kwa seva ya kisa hiki, /boot haikuweza kukuzwa. LVM inaanzia pale inapoishia. Kwa kuwa inawaka kwa BIOS na haina usimbaji fiche, na GRUB inasoma LVM na ext4 bila shida, waliamua kuiondoa kama patisheni: wakanakili yaliyomo kwenye saraka ya /boot ndani ya mzizi, wakaondoa mstari wake kwenye fstab, orodha ya patisheni za kupachikwa, wakaendesha `grub-install` na `update-grub`. Walijaribu kwanza kwenye nakala ya mashine pepe, safari hii wakiwa na ruhusa ya konsoli. Seva nyingine tatu za kizazi kile zilikaguliwa wiki hiyo hiyo, zote zikiwa na /boot ya MB 236. Mbili zimepangiwa kufanyiwa vivyo hivyo, na ya tatu, ambayo diski yake imesimbwa na hivyo inahitaji /boot ya peke yake, itasimikwa upya ikiwa na /boot ya GB 1 na robo ya LVM bila kugawiwa.